Kofia Katika Nyumba ya Vioo

Mwaka wa sitini na mbili, siku za kukaribia Idi, soko la Likoni lilifurika hata pa kukanyaga hapana. Wauza tende wanapiga kelele, redio ya mkahawani yasema mambo ya Uhuru wala hakuna anayeisikiliza, na mbele ya duka la vitambaa na sabuni la Ghalib wanawake wamebanana mabega. Mwanarehema binti Mbarak alijipenyeza mpaka mbele, buibui limemteremka, leso yake ya kijani yaonekana, jasho linamtoka puani. Alitaka bafta nyeupe, tena ile laini. Alifika Ghalib anamalizia kulifunga jora zima kwa kamba na kumkabidhi kijana mmoja mrefu aliyevaa kanzu na koti la kijivu.

"Bafta imekwisha, binti Mbarak," Ghalib akasema. "Mwenyewe huyu hapa, kaichukua yote."

Mwanarehema akamgeukia yule kijana, akamtazama toka viatuni mpaka kichwani.

"Jora zima, kaka? Kwenu kumeingia maradhi gani, wataka kuukafini mtaa mzima?"

Wanawake wakaangua kicheko. Kijana naye akacheka, na meno yake, tuseme kweli, yalikuwa mazuri.

"Si ya maiti, dadangu. Ni ya kutandikia mbuzi za kukunia nazi."

"Astaghfirullahi! Mbuzi ya nazi ikatandikiwa bafta, na mie nikose ya kushonea?"

"Nafanya kazi kule nyumba ya vioo. Naitwa Mohdhar. Kwetu Kisauni." Akalifungua jora pale pale, akapima mikono miwili kwa ukarimu, akamwomba Ghalib mkasi. "Chukua. Mbuzi mmoja atalala chini."

Mwanarehema alitaka kukataa, maana binti wa Maalim Mbarak hapokei kitu cha mwanamume sokoni. Lakini mkono ulikwisha kwenda wenyewe.

Hiyo nyumba ya vioo zamani ilikuwa ghala la mbata, nazi kavu za kukamuliwa mafuta, juu kidogo ya kivuko. Mzungu mmoja mzee alilikodi, akalipaka chokaa, akaingiza makabati ya kioo na kuanza kukusanya vitu vya pwani: viti, vitana, mitungi, vijamanda, vile vikapu vidogo vya mifuniko. Watu wa Likoni walicheka mpaka wakachoka. Mtu atoke kwao, avae viatu, aende kuangalia mtungi! Mohdhar ndiye aliyekuwa akivipanga, na kazi hiyo aliipenda kupita kiasi. Asubuhi alivuka daraja la Nyali, akakatiza mji, akavuka tena kwa feri, na njia nzima alikuwa akiwaza kijamanda kikae upande gani wa dirisha.

Haikupita juma, simu ya dukani kwa Ghalib ikalia. Nyumba ya Maalim Mbarak ilitazamana na duka, na mtaa mzima ulitumia simu hiyo hiyo.

"Mwanarehema!" Ghalib akaita kutoka kizingitini.

"Abee!"

"Simu yako. Asema yeye ni mtu wa bafta."

Akaja mbio, kisha akajirudi, akatembea. Ghalib akageuka kupanga sabuni ambazo zilikwisha kupangwa.

"Mbuzi zako zaendeleaje?" Mwanarehema akauliza, hata salamu hakutoa.

"Zimependeza, zakungoja wewe."

"Nije kuangalia mbuzi ya nazi? Kwetu tunayo, mamangu aikalia kila siku."

"Ndiyo hivyo. Mmeikalia, hamjapata kuiangalia."

"Una maneno wewe."

"Njoo na shangazi yako basi, asije mtu akatusema."

Akenda na shangazi yake Mwanatabu, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu. Na kweli, mbuzi ilikuwa peke yake juu ya bafta, mwanga wa dirisha la juu umeiangukia. Mwanarehema akaona shingo yake ilivyochongwa, na pale mbao iliposuguliwa na mapaja ya wanawake waliokwisha kufa hata ikang'ara. Akanyamaza. Shangazi naye akanyamaza, jambo lisilo la kawaida.

"Waona?" Mohdhar akasema polepole. "Kitu ukikitoa kwenye kazi yake, ukakiweka peke yake, watu hushusha sauti."

"Na kazi yake ataifanya nani?"

"Kazi yake sasa ni kutazamwa."

"Maskini wee," Mwanarehema akasema, na wote watatu wakacheka.

Basi mapenzi yakaingia. Simu zikawa nyingi, sabuni za Ghalib zikapangwa na kupanguliwa. Mohdhar akimwita "roho yangu", Mwanarehema akijibu "roho yako iko Kisauni, mimi niko Likoni, tafuta vizuri". Mohdhar alipoahidi kuleta wazee baada ya mavuno ya karafuu, maana amu yake mkubwa alikuwa Pemba, Mwanarehema aliitoa ile bafta sandukuni akaanza kushona kofia ya viua.

Asiyejua pwani nimweleze. Kofia ya viua hutobolewa kwa sindano vitundu visivyohesabika, na kila kitundu huzungushiwa uzi mweupe mpaka kisimame. Ni kazi ya miezi. Na msichana akimshonea mwanamume asiye babake wala nduguye, amekwisha kusema yote. Mwanarehema alishona jamvini, barazani kwa ndani, babake akipita na vitabu vyake vya chuo cha Kurani kwapani akimwambia, "Sogea, mama, nipite." Alipomaliza, Mwanatabu akaifunga ndani ya kitambaa, akavuka nayo hadi nyumba ya vioo, akamtia Mohdhar mkononi.

Mohdhar alipoivaa mbele ya kioo cha nyumbani, machozi yalimlenga. Akaivua haraka. Aivae wapi kofia ile? Jasho la feri, vumbi la Kisauni, mafuta ya nywele? Moyoni hakuona mahali duniani panapoistahili ila mahali pamoja tu. Hapo ndipo alipokosea, na alikosea kwa mapenzi, makosa mabaya kuliko yote.

Akaiweka katika kabati la katikati, chini ya dirisha la juu, juu ya kigingi chembamba kisichoonekana. Jua likipita kwenye vile vitundu likamwaga viua vya mwanga juu ya ukuta mweupe. Mzungu mzee alisimama pale akaikosa chai yake. Kisha Mohdhar akaandika kibao kwa mkono wake mzuri: *Kofia ya viua. Likoni. Mshonaji hajulikani.*

Siku iliyotengwa kwa wanawake kuitembelea nyumba ya vioo, walikuja kundi zima. Mwanarehema alikuwa amevaa leso mpya na hina mkononi, akitarajia kumwona mtu wake na kofia kichwani. Alimwona amesimama mlangoni na kofia kuukuu ya kila siku. Kisha akaona wanawake wamelizunguka kabati la katikati, kimya.

"Mashallah," mmoja akasema. "Lakini mkono huu naujua mimi. Hii si kazi ya Mwanarehema wa Maalim?"

"Ndiyo hiyo! Kumbe alikuwa akimshonea mtu wa huku!"

Macho yote yakamgeukia. Mwanarehema hakuyaona. Alikuwa akisoma kibao. Akakisoma tena, akavuta buibui usoni, akatoka. Mohdhar akamfuata mpaka nje, lakini Mwanatabu akasimama katikati yao, na Mwanatabu akisimama hapapitiki.

Jioni simu ikalia. Safari hii Ghalib hakugusa sabuni, alitoka nje kabisa.

"Mwanarehema, nisikilize, roho yangu..."

"Usiniite hivyo. Mimi sijulikani."

"Niliandika vile kulinda jina lako! Ningeandika la kwako, babako angesemaje?"

"Na ulipoiweka pale, ulidhani hakuna macho ya kuujua mkono wangu? Likoni nzima yajua. Nimeaibika na jina sina. Vyote viwili umenipa kwa siku moja."

"Nilitaka watu waione. Wallahi hakuna kitu kizuri kama kile katika nyumba ile."

"Nani alikwambia nataka watu waione? Nilipima kichwa chako kwa macho, Mohdhar. Kila kitundu nilikuwa nikiwaza itakavyokaa pale juu ya sikio. Wewe umeivisha kigingi! Nilikushonea uvae. Nenda ukaoe kabati."

Simu ikakatwa.

Maalim Mbarak alizipata habari msikitini, mahali pabaya pa kuzipatia. Alirudi nyumbani uso umekunjamana. Hakupiga kelele, alisema tu kwamba kijana wa Kisauni asilete posa, akileta atairudisha. Mwanarehema akasema, "Ndiyo, baba," wala hakulia mbele yake.

Mohdhar alikwenda kwa mkubwa wake kuomba kofia yake. Mzungu akamwonea huruma, lakini akatikisa kichwa: kitu ulichokitoa wewe mwenyewe kwa hiari, kikaingia kabatini, ni cha nyumba. Angeweza kuiiba, funguo alikuwa nazo. Hakuiba. Alichofanya ni kwamba aliivua ile kofia yake kuukuu akaiweka chini ya godoro, na tangu siku hiyo akatembea kichwa wazi.

Nyinyi wa leo mwaweza kucheka. Siku zile, mtu wa kanzu, mwana wa watu, kupita kichwa wazi Kisauni ilikuwa kama kupita bila shati. Watoto walimfuata. Mamake alilia. "Kofia ziko tele madukani, mwanangu!" Yeye akajibu, "Yangu ni moja, mama, nami sinayo."

Na hivyo hivyo, kichwa wazi, akaenda kwa Maalim Mbarak baada ya Alasiri.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba." Maalim akaondoa miwani. "Waja kwangu kichwa wazi?"

"Kofia yangu iko ndani ya kioo, Maalim. Niliiweka mwenyewe kwa ujinga. Nyingine sitaki. Sikuja na posa, najua umeikataza. Nimekuja kusema kosa ni langu, bintiyo hana kosa. Na naomba, kabla hujanichukia kabisa, uende ukaione."

"Nikaione kofia? Mimi nina kofia hapa kichwani."

"Ndiyo, Maalim. Ila nenda."

Maalim alikasirika usiku huo, akakasirika asubuhi, na ilipofika adhuhuri ya kesho yake akachukua bakora yake akapanda mpaka nyumba ya vioo, akijiambia aenda kuondoa aibu. Mohdhar alipomwona akajitenga. Jua lilikuwa limefika dirishani. Maalim akasimama mbele ya kabati la katikati, viua vya mwanga vimemwagika ukutani na vingine juu ya kanzu yake. Akasogea, akarudi nyuma, akasogea tena. Akakaa muda mrefu.

Alipotoka alimwambia Mohdhar neno moja tu.

"Kibao kile kibadilishe. Mshonaji ajulikana. Ni binti yangu."

Nyumbani alimkuta Mwanarehema jamvini akichambua mchele. Hakumwambia asogee. Akakaa chini, yeye na magoti yake mabovu.

"Miezi yote ile ulikuwa umekaa hapa hapa," akasema. "Mimi napita. Nakuambia sogea. Sikupata hata mara moja kuinama nikaangalia ulichoshika. Mpaka nimeenda kuonyeshwa na watu, kwenye kioo."

Mwanarehema akaacha mchele.

"Ni nzuri, baba?"

"Mama, nimefundisha miaka yote hii, sina neno la kuisema."

Hapo ndipo alipolia, na si kwa huzuni. Maalim akamngoja amalize, kisha akasema yule kijana amekosa, tena amekosa sana, lakini mtu aliyekuja mlangoni kwake kichwa wazi bila kujitetea, posa yake hawezi kuirudisha. "Ukimtaka wewe," akaongeza. "Usipomtaka, sitamtaka mimi."

Mwanarehema hakujibu siku hiyo wala ya pili. Maumivu yalikuwa yangalipo: kila akifumba macho aliona kile kigingi. Lakini pembeni yake sasa alimwona na babake, viua vya mwanga kifuani. Kioo kilimpokonya kofia yake, na kioo hicho hicho kilimpa macho ya babake. Hakujua afanye nini na vitu viwili namna hiyo, basi akafanya alichokijua. Akaenda kwa Ghalib akanunua bafta.

Hapo hapo dukani, bafta mkononi, akainua simu mwenyewe.

"Nyumba ya vioo," sauti ikajibu.

"Watembea kichwa wazi mpaka lini?"

"Mpaka uniambie basi."

"Utaugua mafua, nami sitaki mume wa mafua. Walete wazee wako."

Ghalib, nje, aliangusha kasha zima la sabuni.

Miezi ikapita, wazee wa Kisauni wakaja, amu wa Pemba akaja na karafuu mfukoni, mambo yakasemwa yakakubaliwa. Baada ya kahawa, Maalim akamruhusu Mohdhar azungumze na mchumba wake barazani, Mwanatabu akikaa katikati kama inavyopasa. Mwanarehema akamnyooshea kitambaa kilichofungwa. Ndani mlikuwa na kofia ya viua, nyeupe, mpya. Mohdhar akaizungusha polepole mkononi, jicho la kazi yake halikumwachia.

"Hapa umeruka kiua kimoja."

"Sikuruka. Nimekiacha."

"Kwa nini, roho yangu?"

"Ili mkubwa wako asiitamani. Hii ukiipeleka kule, watasema mshonaji hajui kazi." Akavuta leso, akamtazama kwa ukali wa kujitia. "Ile moja wachukue, waitazame mpaka wachoke, nimewasamehe. Hii ni ya kichwa. Itie jasho, inyeshewe, ichakae. Ikifumuka nitakushonea nyingine, na nyingine, mpaka macho yangu yaishe."

Mohdhar akaivaa. Ilikaa pale juu ya sikio, sawasawa.

"Haya," akasema. "Yakaaje?"

Mwanarehema akamtazama, akamtazama mpaka Mwanatabu akakohoa, akakohoa tena, kisha akainuka mwenyewe akasema aenda kuangalia kahawa.