Springi Si Trei ya Mayai

Muuza mayai hakuwa na karakana. Hakuwa na stendi za chuma za kuegemezea gari, hakuwa na kibanio cha springi, hakuwa na mtu wa kumshikia taa, wala hakuwa na subira. Alikuwa na mke, kuku wengi, gari kuukuu na ulimi usiopumzika.

Kila asubuhi yeye na mkewe walipanga mayai kwenye trei, wakazipandanisha, kisha wakazifunga kwa mipira ya tyubu za baiskeli. Kazi hiyo aliijua vizuri. Trei zake hazikuwahi kufunguka njiani. Hata hivyo, mayai yalivunjika.

Kosa lilikuwa la gari. Shokapu zake, yaani vile vyuma virefu vinavyotuliza springi, zilikuwa zimekufa. Gari likipita shimo moja, liliendelea kuruka mpaka shimo la pili.

Mwishowe mpishi mkuu wa shule ya bweni aliwaandikia barua. "Nimechoka kupokea mayai yaliyokwisha kuvurugwa," aliandika. "Msilete tena mpaka gari litengenezwe. Mwezi ukiisha nitatafuta mtu mwingine." Shule ile ilichukua zaidi ya nusu ya mayai yao. Bila shule, ingebidi wauze kuku.

"Peleka gari gereji," mke alisema.

"Nikalipe watu wafungue nati? Nati nazijua tangu ujana. Shokapu nimeshanunua. Nitafunga mwenyewe."

"Kama ulivyofunga bomba la jikoni?"

"Bomba lile lilikuwa na tabia yake."

Jumamosi, mdogo wa mkewe alikuja kuchukua mayai. Alikuwa fundi wa gereji. Alimkuta shemeji yake nyuma ya nyumba, amechuchumaa. Gari lilikuwa juu ya jeki na tofali. Shokapu ya mbele ilikuwa imetolewa nzima, na springi ikiwa bado imeizunguka. Springi hiyo ilizungushiwa mipira ya tyubu kama mguu wenye bendeji. Spana ilikuwa tayari kwenye nati ya juu.

"Shemeji," fundi alisema polepole, "weka spana chini. Sasa sogea huku."

"Usiwe na wasiwasi. Nimeifunga barabara."

"Kwa mipira ya trei?"

"Haijawahi kunifungukia."

"Mayai huwa yanataka kutoka kwenye trei?"

"Hapana."

"Basi hii inataka."

Muuza mayai akaitazama ile springi, kisha akasogea.

"Springi hii hubeba uzito wa gari," fundi alieleza. "Hapo ilipo imebanwa, na kinachoizuia ni hiyo nati tu. Ukiifungua, inaruka. Mwenzangu kazini ilimvunja taya. Sisi tunaibana kwanza kwa kibanio cha chuma, ndipo tunagusa nati. Na gari umelisimamisha juu ya tofali?"

"Tofali zuri."

"Tofali hupasuka bila kuaga. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki au tofali. Tumia stendi za chuma. Nitakuazima zangu."

Mke alikuwa amesimama mlangoni na kikapu. "Mwambie wewe," alisema. "Mimi ananiona redio."

Muuza mayai alinuna. "Kwa hiyo nisiguse kitu. Nikulishe wewe na bosi wako."

"Nani kasema? Shokapu za nyuma badilisha mwenyewe. Kule springi imekaa peke yake na shokapu peke yake. Weka gari kwenye stendi, weka jeki chini ya ekseli, ule mhimili wa magurudumu, isianguke, fungua bolti, toa ya zamani, tia mpya. Badilisha kushoto na kulia pamoja. Lakini bolti usizikaze kabisa magurudumu yakiwa yananing'inia. Shusha gari kwanza lisimame kwa uzito wake, ndipo ukaze."

"Kuna tofauti gani?"

"Ndani ya tundu la bolti kuna bushi, ni ya mpira. Ukikaza gari likiwa juu, ukilishusha unaisokota. Itachanika mapema."

"Na za mbele?"

"Zitoe zote mbili zikiwa nzima, nami nizipeleke gereji zibanwe na kubadilishwa. Utalipia kazi hiyo tu. Kuzirudisha utarudisha mwenyewe, nami nitakagua kila bolti. Kisha ulete gari tunyooshe magurudumu, maana mbele ikishafunguliwa huweza kwenda upande na kula tairi."

Ndivyo walivyofanya. Muuza mayai alifunga za nyuma kwa mikono yake, akashusha gari, akakaza. Alipata malengelenge na akajisifu sana.

Siku iliyofuata matengenezo, mke alipakia trei zilizojaa, akakaa mbele. Wakapita njia yote ya shule, na mashimo yake yote, mpaka getini. Hawakuingia. Walifungua trei moja moja, wakageuza yai baada ya yai. Hakuna lililopata ufa.

Nyumbani muuza mayai alichukua karatasi. "Gari limepona," aliandika. "Nimelitengeneza mwenyewe."

Mke alisoma begani mwake. "Mwenyewe?"

Mume akaikata sentensi ile, akaandika nyingine: "Shokapu za nyuma nimefunga mimi. Za mbele zimefungwa kwa msaada wa gereji. Tunaomba kuleta mayai Jumatatu. Likivunjika hata moja, msitulipe trei hiyo."

"Hapo sawa," mke alisema.

Mume alikunja barua, akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kiganja kilichokuwa bado na malengelenge. Mke akavaa viatu, akaipeleka posta.