Mchoro wa Kwanza wa Mchorasauti

Perusi Chilongani alifungua mdomo, na mstari ukatokea hewani.

"Mzee Yona wa Nkuhungu anafungua bomba," alisema. Juu ya mezanuru, meza ya mwanga ya kuchorea, akasimama mtu wa vijiti: kichwa duara, mikono mstari mmoja, miguu imepanuka. Ubavuni mwake ukachomoka mshale hadi kwenye yai la mwanga lililoandikwa *kufungua maji*. "Bomba linaiuliza bohari ya maji ya mtaa kama maji yapo. Bohari inajibu ndani ya nusu sekunde." Visanduku viwili vikajipanga, mishale ikaenda na kurudi, na kabla Perusi hajameza mate mchoro ulikuwa umekamilika, safi, hakuna mstari uliomkanyaga mwenzake.

Mashine hiyo iliitwa mchorasauti. Ilisikiliza mtu akieleza mfumo, ikauchora.

Katika Dodoma ya miaka hiyo hakuna aliyeandika programu kwa mkono. Mtu alichora, kisha mitambo-jenzi ikausoma mchoro na kuujenga mfumo kwa saa moja au mbili: mfumo wa maji, wa taa, wa zahanati. Lugha ya michoro ilikuwa ileile ya kale, UML, waliyoibuni wahandisi wa zamani ili waelewane kabla ya kujenga. Mtu wa vijiti ni anayetumia mfumo, yai ni jambo analotaka, mshale ni nani anamwambia nani nini. Kosa mchoroni lilikuwa kosa nyumbani kwa mtu.

Chumba cha Michoro ya Jiji kililijua hilo kwa uchungu. Miaka tisa nyuma, mshale mmoja ulichorwa kinyumenyume chini ya mtu wa vijiti aliyeandikwa "Mtumiaji". Mitaa miwili ikakaa siku nne bila maji, na mama mmoja aliyekuwa akisafishiwa damu nyumbani kwake akafariki. Tangu siku hiyo chumba kilijiwekea utaratibu, na jiji likaufanya sheria. Hakuna mtu wa vijiti asiye na jina. Aandikwe mtu halisi, wa mtaa halisi, na shida yake. Na kila Jumatatu asubuhi, kabla mchoro haujapelekwa kujengwa, unasomwa kwa sauti, kidole juu ya mstari. Kwa kila mshale waliopo wanaitikia "sawa". Mwenye jina akisema "si sawa", jina lake linafutwa mchoroni papo hapo. Mwishoni binadamu mmoja anatia saini, na likitokea la kutokea, ndiye atakayeitwa.

Walikuwa wachoraji sita na mkuu wao, Lameck Ndahani. Lameck na Perusi walisoma pamoja chuo cha ufundi, wakala sahani moja, na mitihani ya michoro Lameck aliivuka kwa sababu Perusi alimfundisha akiwa amechuchumaa sakafuni na chaki. Mwezi Mei alimwita ofisini kwake.

"Dada, jiji linataka tuchague chombo kipya cha kuchorea. Kuna vitatu. Vijaribu, uandike ripoti, utakachosema ndicho. Mimi nitagonga muhuri tu."

"Na watu wangu?"

"Chombo kinakuja kutupunguzia maumivu ya mgongo. Hakiji kutupunguza sisi. Unanijua."

Alimjua. Akavijaribu vyote vitatu kwa mfumo mmoja, ule wa maji wa Nkuhungu, ili visioneane wivu.

Cha kwanza kilikuwa kalamunuru, ya kuchora kwa mkono. Stamili, mkubwa kuliko wote chumbani na mwenye ulimi mkali kuliko wote, aliipenda kwa sababu haikujibu. Lakini ilikuwa polepole, na mabadiliko madogo yalitaka kufuta nusu ya mchoro. Cha pili, fukuzi, hakikuhitaji hata kuambiwa. Kiliuchimbua mfumo uliokuwepo na kuuchora chenyewe kwa dakika tatu. Kilileta watu wa vijiti mia nne, wote wameandikwa "Mtumiaji".

"Hiki kinachora kama karani wa makaburi," Stamili alisema. "Kiondoeni."

Kisha mchorasauti. Siku ya kwanza Perusi alisema tu, "Kuna mtu anafungua bomba." Mtu wa vijiti akatokea, na mashine ikasimama. Ikauliza kwa sauti ya upole:

"Huyu mtu anaitwa nani?"

Lilikuwa swali ambalo Perusi humuuliza kila mchoraji. Kimolo, ambaye huchukua wiki nzima kutabasamu, alicheka mpaka akavua miwani. "Perusi, olewa nayo," akasema. "Mahari tutachanga."

Kwa wiki sita walikisomea chombo kile michoro yao kama walivyozoea kusomeana, kidole juu ya mstari, "sawa" kwa kila mshale. Alhamisi ya mwisho Perusi aliandika ripoti. Aliandika kwamba vyombo viwili vinachora mifumo, hiki kimoja kinachora watu. Akaweka jina lake chini.

Ijumaa asubuhi aligundua kiambatisho kimoja kinakosekana. Kanuni ilitaka mchoro wa kwanza wa kila chombo uwekwe kando ya wa mwisho, ili maendeleo yaonekane.

"Nionyeshe mchoro wa kwanza uliouchora katika jengo hili," aliiambia mashine.

Alitegemea kumwona Mzee Yona. Haukuwa huo. Mezanuru ilimwaga watu sita wa vijiti. Stamili. Kimolo. Yeye mwenyewe. Wengine watatu. Juu yao kichwa cha habari: *Chumba cha Michoro, toleo la kwanza*. Kando yake palikuwa na toleo la pili. Humo sanduku kubwa lilikaa katikati, limeandikwa *mchorasauti*, na mishale yote iliyotoka kwa watu sasa ilitoka kwenye sanduku. Mtu wa vijiti alibaki mmoja tu, pembeni, na yai moja: *kutia saini*. Chini ya miguu yake liliandikwa jina Perusi.

Tarehe ilikuwa nne Februari. Majaribio yalianza Mei.

"Nani alikueleza mchoro huu?"

Mchorasauti huhifadhi sauti iliyozaa kila mstari. Ikaicheza. Ilikuwa sauti ya Lameck, bila haraka, na nyuma yake, hafifu, rekodi za usomaji wa Jumatatu za miaka tisa, alizokuwa akiilisha mashine moja baada ya nyingine. Perusi alisikia sauti yake mwenyewe humo, miaka mitano iliyopita, ikiuliza: huyu mtu anaitwa nani?

Hakubisha hodi ofisini kwa Lameck.

"Kaka, Februari ulikuwa unachora nini?"

Lameck alimtazama, akaelewa, akafunga faili lililokuwa mbele yake. "Kaa, dada."

"Nimeshasimama."

"Uamuzi ulifanyika juu, mwaka jana. Waliniambia nibakize mmoja. Nikakubakiza wewe. Sikusita hata dakika moja."

"Kwa nini basi ukanipa majaribio?"

"Ningeitaja mimi, chumba kingeikataa. Wewe wanakuamini." Alisugua paji la uso. "Na nilijua ikiuliza lile swali lako, utaichagua. Ni hilo tu ambalo lingekushinda."

Wiki sita Perusi alikuwa ameipenda mashine kwa kuwa inafanana naye. Kumbe ilikatwa kutoka kwake, ikashonwa kwa kipimo chake, na sasa hukumu ya wenzake watano ilikuwa na jina lake chini, kwa mwandiko wake, na sababu nzuri.

"Na wewe kwenye mchoro uko wapi? Sijakuona."

"Mimi nahamia juu," Lameck alisema, akaangalia dirishani. "Dada, niliyemwokoa ni wewe."

Jumatatu wote walikuwa mezani. Lameck alisema mchoro wa leo ni wa mambo ya ofisi, hauna haja ya kusomwa, usainiwe tu. Perusi alikuwa ameshaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Toleo la kwanza. Stamili wa mtaa wa Kikuyu, anayelea wajukuu watatu, anachora mifumo ya zahanati." Akasogeza kidole. "Toleo la pili. Mchorasauti inachora mifumo ya zahanati. Stamili hayumo."

Hakuna aliyeitikia. Kimolo alisogeza kiti nyuma, miguu ya kiti ikalia sakafuni.

"Ulijua?" Stamili aliuliza. Hakupaza sauti.

"Nilijua Ijumaa. Ripoti niliandika Alhamisi."

"Alhamisi." Stamili alimtazama jinsi anavyotazama mshale asiouamini. "Na ni sisi tulioisomea. Tumeifundisha kwa midomo yetu, na chai tukainywea hapo hapo."

"Ndiyo, mama."

"Basi soma. Na usiruke hata mmoja."

Akasoma. Kila mtu kwa jina lake, mtaa wake na kazi yake, kisha pale asipokuwepo. Alipomfikia Kimolo, Kimolo aliweka miwani mezani na kuziba macho kwa kiganja. Ilichukua dakika kumi na moja, na Lameck alisimama muda wote kando ya mlango kama mgeni ambaye hajakaribishwa. Hatimaye ukabaki mshale mmoja.

"Perusi Chilongani wa Makulu anatia saini michoro ambayo hakuichora, juu ya watu ambao hakuwaulizia." Aliinua kidole. "Si sawa."

"Perusi," Lameck alisema.

"Mwenye jina ni mimi. Si sawa. Nifute."

Mashine ilitii, kama ilivyofundishwa. Jina likatoweka chini ya miguu ya mtu wa vijiti. Mtu akabaki na yai lake, *kutia saini*, na mchoro wote ukageuka kijivu, kwa kuwa kisheria usingeweza kujengwa bila jina la mtia saini.

Perusi aliitoa kalamu ya saini kwenye mfuko wa shati lake. Alizunguka meza, akampita Kimolo, akampita Stamili, akaiweka mkononi mwa Lameck na kuvifunga vidole vyake juu yake, kama alivyomfungia chaki zamani.

Mchorasauti ilisubiri kidogo. Kisha ikauliza, kwa kituo kilekile ambacho Perusi huweka kabla ya kutaja mtu:

"Huyu mtu anaitwa nani?"

Wote wakageukia mlangoni. Lameck alifungua mdomo, na hakuna mstari uliotokea.