Leso Chini ya Jezi

Walikutana soko la Malindi Jumamosi asubuhi, watu wamejaa hadi mkokoteni haupati njia. Odera, fundi wa friji, kabeba mtambo begani, shati lake jeupe limeingia grisi. Kahonzi kainama anachagua machungwa ya timu yake ya mpira, kavaa jezi ya kijani yenye namba nne mgongoni na soksi zimefika magotini. Mtambo ukamgusa, machungwa yakamwagika.

"Pole, dada. Hiyo nne ni miaka yako?"

"Ni watu niliowavunja miguu. Okota."

Akayaokota yote, hata lile lililokimbilia chini ya meza ya samaki. Tangu siku hiyo akamwita Namba Nne, naye akaitwa Fundi. Mahari ikapelekwa kwao Ganze, wakapanga chumba Kisumu Ndogo, mtaa wa hapo hapo Malindi. Kahonzi alicheza beki, na mabeki huanguka. Kila akianguka Odera alisimama, na Kahonzi, bado yuko chini, alimwinulia mkono. Maana yake niko sawa, kaa.

Kisha akazaliwa Whitney. Mama yake Kahonzi akaja kutoka Ganze, akamfunga tumbo kwa leso, akaikaza vizuri, kama wanavyofungwa wazazi wote kwao. Muuguzi naye akamwambia, "Usikimbie mpaka tukupime. Damu ikirudi nyekundu, njoo siku hiyo hiyo."

Wewe unayesoma, ushike hilo neno la muuguzi. Kahonzi alilisikia, akaliweka kando.

Mtoto hata shingo haijakaza, simu ikalia. Alikuwa Mueni, kocha wao.

"Mama Whitney, tumeingia fainali, Kilifi. Fridah anaitaka jezi yako."

"Fridah? Yule anayekimbia kama kuku? Usimpe. Naja mazoezi."

Alikwenda kwa kujificha, mtoto akimwachia Gladys, dada yake aliyekuja kumsaidia kulea. Siku ya kwanza tu ya kukimbia, damu ikarudi, nyekundu. Akaweka pamba, akaikaza leso zaidi, akavuta jezi juu yake. Alijiambia ni mambo ya uzazi tu, yataisha. Akimwambia Odera atakatazwa, na akikatazwa, Fridah atavaa nne, na yeye atabaki nani?

Mchana mmoja Odera alirudi kula, akamsikia bafuni akinong'ona kwa simu. "Usimpigie baba Whitney kabisa. Jumamosi nitamwambia naenda kliniki. Atajuaje?"

Alipotoka akamuuliza, "Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na Gladys."

Gladys alikuwa mlangoni, povu mpaka kwenye viwiko, anafua nepi.

Odera hakula. Usiku alilala ameukabili ukuta. Kahonzi akadhani mwili wake umemchukiza mumewe, tumbo limelegea, maziwa yanavuja. Odera akadhani kuna mwanamume. Wakalala hivyo, kila mmoja na hofu yake, na mtoto katikati.

Jumamosi Odera alishindwa kufanya kazi, akarudi nyumbani. Akamkuta Gladys anambembeleza mtoto.

"Gladys, dada yako yuko kwa nani?"

"Shemeji, mimi nimekatazwa kusema."

"Yuko kwa nani?"

"Kwa nani tena? Yuko Kilifi, anacheza mpira."

Odera akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini, mzigo umemtoka kifuani. Kisha akaona Gladys analia.

"Usicheke, shemeji. Leso zake mimi ndiye ninayezifua. Zina damu."

Wakakodi gari, Gladys na mtoto nyuma. Odera alipiga simu njia nzima, ikaita bila kupokelewa, maana ilikuwa ndani ya mkoba chini ya benchi. Kipindi cha pili kilikuwa kinaendelea walipofika. Alimwona Kahonzi akiufuata mpira, uso umekwajuka kama majivu. Akateleza kuukata, akaanguka.

Odera akasubiri mkono. Mkono haukuinuka.

Aliingia uwanjani na viatu vyake vya kazi. Alipomshika kiunoni, leso ilikuwa imelowa mpaka kaptula. Hospitali, daktari alisema kipande cha kondo la nyuma kilikuwa kimebaki ndani tangu kujifungua. Damu ilikuwa inamwita aende hospitali, yeye akaifunga kwa kitambaa. Angechelewa kidogo, Whitney angelelewa na Gladys.

Alipozinduka, Odera alikuwa amemshika vidole.

"Nilidhani una mwanamume."

"Na hali hii, Fundi? Nanuka maziwa kutwa."

"Mimi naipenda hiyo harufu."

"Mbona ulinigeuzia mgongo?"

"Nilikuwa nalia. Sikutaka unione."

"Ningekwambia, ungenikataza."

"Ningekukataza, kweli. Sasa wewe niambie tu. Tutakwenda hospitali kwanza, ugomvi tutaumalizia huko kwenye foleni."

Kahonzi alirudi uwanjani Whitney akiwa anatambaa, baada ya kupimwa na kuambiwa haya, cheza. Nne anayo Fridah, na anakimbia nayo vizuri. Kahonzi alipewa kumi na nne. Odera alisimama pembeni, mtoto kamfunga kifuani kwa leso ile ile, iliyofuliwa mpaka maua yake yamefifia.

Dakika za mwanzo tu Kahonzi akagongwa, akaanguka. Odera akasubiri mkono. Mkono ukakawia, kisha ukainuka.

Kipindi cha pili hakikufika mbali, akamwashiria Mueni amtoe, akaja mwenyewe pembeni akihema.

"Umeumia?" Odera akauliza. "Niambie kweli."

"Nimechoka tu, Fundi. Ndiyo nakwambia."

Odera akampa mtoto. Akatoa chungwa mfukoni ammenyee mkewe, lakini likamponyoka, likabingirika nyasini.

"Okota," Kahonzi akasema.