Kufuli Namba Saba

Saa nne na dakika kumi asubuhi, pampu ya matope kwenye kisima cha mafuta ilianza kunguruma ghafla, na ukelele wa mtu ukasikika hadi jikoni. Ilipozimwa, fundi aliyekuwa akibadilisha mpira ndani yake alikuwa amepoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia.

Mkaguzi wa usalama, mama mfupi asiye na mchezo, alifika saa sita. Alitaka kuchungulia ndani ya pampu, lakini kimlango kilikuwa kidogo mno, ikabidi avue kofia ngumu ndipo kichwa kipite. Kofia ya fundi nayo ilikuwa bado imening'inia msumarini, karibu na benchi la chai.

Sheria ya hapo hata mpishi aliijua. Anayeingiza mkono kwenye mashine huifunga swichi kwa kufuli lake mwenyewe, na ufunguo, ambao ni mmoja tu, hukaa shingoni mwake. Asiyefunga hufukuzwa siku hiyohiyo, hata kama ameacha vidole ndani.

"Hakufunga," alisema msimamizi, akimpa mkaguzi kufuli lililofungwa, lenye namba saba. "Nimelikuta kwenye sanduku lake la vifaa. Uzembe, mama. Barua yake ya kufukuzwa iko tayari mezani. Na aliyewasha ni yule pale. Jana waligombana."

Mkaguzi aligeuza kufuli. Namba ile iliacha wekundu kwenye kidole gumba chake. Akakificha mfukoni, akamwendea mwendesha mitambo, ambaye kiganja chake kilikuwa kimefungwa bendeji.

"Mkono umepatwa na nini?"

"Niliungua nikimvuta, mama."

"Mligombana?"

"Kwa ajili ya spana. Mtu hakatwi vidole kwa ajili ya spana."

"Kufuli ulilikuta?"

"Swichi ilikuwa tupu. Redioni nikaambiwa washa." Alimtupia msimamizi jicho, akainama. "Nami nina watoto, mama."

Saa nane mke wa fundi aliwasili kutoka hospitali, amekamata kamba yenye ufunguo, akamwendea mkaguzi.

"Dada, amesema nikupe wewe tu. Anaapa alifunga. Mume wangu ana makosa mengi, lakini huyo hata choo hukifunga mara mbili."

Mkaguzi aliwaita wote ofisini kwa msimamizi, ambamo ubao wenye namba nyekundu ulihesabu siku zilizopita bila ajali. Akachomeka ufunguo kwenye kufuli. Haukuzunguka.

"Limeharibika," alisema msimamizi.

"Ni jipya. Rangi yake haijakauka." Alionyesha kidole gumba. "Rangi nyekundu ninayoiona hapa ni ile ya ubao wako wa siku zisizo na ajali. Fungua kabati."

Msimamizi hakusogea. Mwendesha mitambo akalifungua yeye. Kopo la rangi lilikuwemo, na mkasi wa kukatia chuma, na ndani ya kitambaa kichafu kufuli kuukuu lililokatwa shingo. Namba saba.

Hapo msimamizi akaketi.

"Leo ni siku ya mia tatu bila ajali," alisema polepole. "Wakubwa walikuwa wanakuja saa nne na nusu, na pampu imelala. Nikaona kofia yake msumarini. Nikadhani yuko chai, amesahau kufuli. Nikakata."

"Ulishawahi kuwa fundi wa pampu hii?"

"Miaka tisa."

"Miaka yote hiyo uliingia na kofia?"

Mkaguzi alikuwa na hasira, maana kukosea ni jambo moja, na kumwandikia barua mtu aliyelazwa ni jingine. Akaichukua ile barua mezani, akaiweka pamoja na mkasi ili polisi wavikute vyote.

Kisha akamgeukia mke wa fundi, akampa kufuli lililokatwa pamoja na ufunguo. Mke akauchomeka. Ukazunguka kwa urahisi.

"Alifunga," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akalia.