Komeo la Kibanda cha Kamera

Walipofungua mlango wa kibanda, Ambrose Tilling aliwaangukia miguuni kama gunia. Mpiga picha huyo wa studio ya filamu ya Borehurst, nje kidogo ya London, alikuwa ameshakata roho.

"Moyo umesimama," daktari wa polisi alimwambia Inspekta Garside. "Mapafu yake yaliharibiwa na gesi ya sumu vitani. Mtu kama huyu ukimfungia kwenye sanduku lisilo na hewa, chini ya taa hizi, umemuua."

Tangu filamu zianze kusema, kamera ilifungiwa pamoja na mpigaji wake kwenye kibanda chenye kioo mbele, ili mngurumo wake usinaswe na vinasa sauti. Ambrose alizoea kuacha mlango wazi kidogo apate pumzi. Safari hii komeo la nje lilikuwa limesukumwa.

Garside alianza na mwongozaji, Lionel Cragg.

"Ulimtishia marehemu?"

"Nilimwonya. Kikohozi chake kiliharibu kila tulichorekodi. Nikamwambia, ukikohoa tena, chukua kofia yako uende. Watu wamejaa getini wanalilia kazi, Inspekta."

"Ukamfungia?"

"Mimi? Nilikuwa kitini, mbele ya macho ya wote!"

Alama za vidole hazikusaidia. Komeo lile lilishikwa na kila mtu. Kesho yake Garside akaomba kusikia sauti zilizonaswa. Ilikuwa filamu ya upelelezi. Mke wa Ambrose, Winifred, aliigiza mjane anayekiri kosa lake, na andiko lilimtaka anong'one.

Lakini Winifred alikuwa anapiga kelele.

"Rudisha," Garside alisema.

Chini ya kelele zile, hafifu mno: ngo, ngo, ngo. Kila mlio uliporudi, sauti ya mwanamke ilipanda.

Alimkuta Winifred kwenye chumba cha kujipodoa, amekaa, amevaa koti lake la mvua.

"Bibi Tilling, ulimsikia mumeo akigonga."

Winifred aliendelea kufunga vifungo vya koti.

"Ulimsikia, ukapaza sauti. Kwa nini?"

"Wangemfukuza! Nilisukuma komeo kabla hatujaanza, ili kikohozi kisitoke nje. Kipande kile kimoja tu, basi. Alipogonga nikasema moyoni, vumilia, Ambrose, vumilia mpenzi, namalizia. Ningenyamaza, Cragg angesikia. Nani mwingine angempokea mtu mwenye kifua kile?"

"Ulijua anahitaji hewa."

"Nilijua. Na wewe hujui baridi iliyopita tulikula nini, Inspekta. Maganda ya viazi. Nilimwahidi hatutarudi kule." Akajifuta macho kwa kiganja. "Niambie. Picha ilitoka?"

Garside alikuwa ameitazama asubuhi ile, ilipotoka kusafishwa. Wakati ikipigwa, mkono mmoja wa Ambrose ulikuwa ukigonga. Wa pili haukuiachia kamera. Ilimfuata mkewe dirishani, ikamfuata mezani bila kutetereka, ikamsindikiza mpaka mlangoni. Alipotoka, ikabaki palepale, ikiutazama mlango mtupu.

"Ilitoka vizuri," alisema, akatoa pingu.