Kidole Kilichoungua Bila Kuuma

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kaliza humfunga mama yake vifungo vya gauni. Ana miaka kumi na miwili, na kazi hiyo ameizoea kama kufagia ua. Mama yake, Swafiya, huamka mikono imekufa ganzi. Huikung'uta hewani kama mtu anayekausha maji, uso ameukunja, mpaka vidole vianze kuchomachoma na kurudiwa na uhai.

"Leo imechelewa kuamka," husema.

"Ni ile, mama?"

"Ni ile tu."

"Ile" ni fibromialjia, ugonjwa wa kuumwa mwili mzima na kuchoka hata baada ya kulala. Daktari aliutaja miaka miwili iliyopita, wakati majirani walikuwa wameshaamua kwamba Swafiya ni mvivu. Jina lilikuwa gumu mdomoni, basi nyumbani wakauita hivyo. Mgongo ukiuma, ni ile. Kichwa kikigonga, ni ile. Mikono nayo ilipoanza kufa ganzi, hakuna aliyeuliza mara ya pili. Hata Usumani, baba yake Kaliza, anayebeba mizigo kwenye bohari huko Masoro, alisema tu, "Si ile yako hiyo? Pole, pumzika kidogo."

Swafiya ni fundi cherehani. Anashonea kwenye baraza ya duka moja mtaa wa Muhima, pamoja na msichana mmoja mcheshi aitwaye Pretty. Jumamosi moja Kaliza alikuwa hapo, akikata nyuzi zilizoning'inia kwenye sare za shule. Mama yake alikuwa amesimama akipiga pasi ya makaa kwenye kola ya shati, na kwa mkono wa kushoto akiinyoosha.

"Dada Pretty, nini kinaungua?" Kaliza aliuliza.

"Makaa, sha, mdogo wangu. Au anaungua yule mteja wa jana, kwa tulivyomsema."

Lakini harufu haikuwa ya makaa, wala ya nguo. Kaliza aligeuka. Ukingo wa pasi ulikuwa umelala juu ya kidole cha shahada cha mama yake, na mama yake alikuwa akiangalia barabarani, ametulia kabisa.

"Mama! Kidole!"

Swafiya aliinua pasi. Ngozi ilikuwa imegeuka nyeupe na kukunjamana. Hakupiga kelele. Alikitazama kidole kama cha mtu mwingine.

"Sikusikia," alisema polepole.

"Yoo, disi, maskini!" Pretty alikuja mbio na dumu la maji. "Mama Kaliza, mtu anaungua asisikie?"

"Ni ile. Na wewe punguza sauti. Wateja wakijua fundi hana mikono, nani ataniachia kitambaa?" Kisha akamgeukia binti yake. "Ukiulizwa, sema chai ya moto ilinimwagikia. Umenielewa?"

"Ndiyo, mama."

Kwenye kituo cha afya, muuguzi aliosha jeraha na kuuliza lilitokana na nini. Swafiya akamtazama Kaliza.

"Chai," Kaliza alisema.

"Inauma sana?"

"Sana," alisema Swafiya.

Muuguzi akafunga kidole, akaita mgonjwa mwingine.

Jeraha lilipona. Mikono haikupona. Miezi ilivyopita, Kaliza aliona nyama iliyo chini ya kidole gumba cha mkono wa kulia wa mama yake ikinywea, kama tunda lililosahauliwa. Aliona pia kwamba mama yake, alipoletewa kitambaa, hakukipapasa tena kwa vidole vya mbele. Alikipapasa kwa kidole cha mwisho, kile kidogo.

"Tazama Mama Kaliza," Pretty alitania, "anashika kitambaa kama bibi harusi anavyoshika kikombe."

Hakuna aliyecheka. Siku hiyo hiyo mkasi ulimponyoka Swafiya katikati ya kitambaa cha mtu, ukachana mahali pasipotakiwa, kisha ukaanguka karibu na mguu wa Kaliza. Swafiya alikaa chini, akajifunika uso kwa kanga. Alilia bila sauti, watu wakipita.

Siku yake ya kwenda hospitali ilipofika, shule zilikuwa zimefungwa. Kaliza alimsindikiza, kwa sababu mama yake hakuweza kushika mkoba kwa muda mrefu. Daktari, ambaye wagonjwa humwita Muganga Melchior, aliuliza hali.

"Yale yale, muganga," alisema Swafiya.

"Na mikono?"

"Inauma kama mwili mwingine. Ni ugonjwa wangu tu."

Muganga aliitikia kwa kichwa, akachukua kalamu. Kaliza akinyamaza, watarudi nyumbani na dawa zile zile. Akisema, atakuwa amemwita mama yake mwongo mbele ya mgeni.

"Si yale yale," alisema.

"Kaliza!"

"Mama aliungua kwa pasi, asisikie. Tukasema ni chai. Mimi ndiye niliyesema chai." "Asubuhi anaikung'uta mikono ndiyo iamke. Vitambaa anavipapasa kwa kidole cha mwisho. Na mkasi unamponyoka."

Swafiya hakumtazama. "Umenivua nguo mbele ya watu," alisema chini chini.

Muganga aliweka kalamu. Alimwambia Swafiya afumbe macho, akamgusa kidole kimoja kimoja kwa pamba. Kidole cha mwisho kilisikia. Gumba, cha shahada na cha kati havikusikia. Kisha akagonga kwenye kifundo cha mkono, na Swafiya akaruka kama aliyepigwa na umeme.

"Mama," Muganga alisema, "fibromialjia yenyewe inaweza kuleta ganzi. Lakini kuwa nayo hakukukingi na ugonjwa mwingine. Ganzi inaweza kutoka kwenye kisukari, kwenye mshipa wa fahamu uliobanwa shingoni, kwenye tezi ya shingo, hata kwa kukosa vitamini. Tutapima damu. Ila kwa namna vidole vyako vilivyogawanyika, nashuku hapa kwenye kifundo. Mshipa wa fahamu unapita kwenye njia nyembamba, na ukibanwa, vidole hivi ndivyo vinavyokufa ganzi. Mafundi kama wewe huupata sana ugonjwa huu."

"Unatibika?"

"Ukiwahi, wakati mwingine inatosha kulala mkono umefungwa kwenye kifaa cha kuunyoosha. Wewe hukuwahi."

Damu ilionekana salama. Kipimo cha mishipa ya fahamu kilionyesha mishipa ya mikono yote miwili imebanwa, wa kulia vibaya zaidi. Swafiya alifanyiwa upasuaji mdogo wa mkono wa kulia, baadaye wa kushoto. Wa kushoto ulirudia hali yake ya zamani. Wa kulia uliacha kufa ganzi asubuhi, lakini kidole gumba kilibaki hafifu, na Muganga hakuahidi kwamba kingepata nguvu tena. Maumivu ya mwili yaliendelea kama kawaida. Muda huo wote Swafiya alimsemesha Kaliza pale tu ilipobidi.

Aliporudi barazani, mteja mmoja alikuja na kitenge cha sherehe. "Karibu tena, Mama Kaliza! Mikono imepona?"

Kaliza aliacha kukata nyuzi.

"Wa kushoto umepona," alisema Swafiya. "Wa kulia nusu. Pretty atakata, mimi nitashona, na nitashona taratibu."

Mteja alikunja kitenge chake. "Basi nitapita siku nyingine."

"Ya mwaka gani!" Pretty alinong'ona mteja alipoondoka.

"Mama, si ungesema tu imepona," Kaliza alisema.

Swafiya alivuta kiti, akakaa karibu na binti yake. "Siku ya pasi ulinitii, na mimi ndiye niliyekufundisha uongo. Muuguzi yule angejua ni pasi, angeuliza kwa nini sikusikia. Ugonjwa mmoja tuliupa jina, wa pili ukajificha nyuma yake, na sisi tukausaidia kujificha. Kwa hiyo nisikilize. Anayetibu mwambie ulichokiona, hata nikikukataza, hata nikikukasirikia kama nilivyokukasirikia."

"Na yule mteja?"

"Mteja anaweza kurudi," alisema Swafiya, akilaza mkono wake wa kulia juu ya meza. "Kidole gumba hiki ndicho kisichorudi."