Kigoda Kilichowahi Kupinduliwa

Saa moja asubuhi mtumishi wa maji alifungua chumba cha Mtemi wa Mtoni na kumkuta amekufa, kisu cha Mtemi wa Mlimani kifuani. Mtungi ukamponyoka, maji yakatapakaa sakafu nzima ya udongo. Akatoka mbio kumwita ndugu wa marehemu.

Kufika saa mbili, wapiganaji wa koo zote mbili walikuwa uwanjani wakitazamana. Fundi Vigoda, mama aliyewachongea watemi viti vyao, alikuwa na mwana upande huu na mkwe upande ule. Aliliomba baraza aulize maswali kabla mikuki haijaruka. Wakampa mpaka saa tatu, wakaingia naye chumbani mwa marehemu.

"Kisu ni changu, mama," alisema Mtemi wa Mlimani, mikono imefungwa kamba. "Kilinipotea jana karamuni. Nimuue ili iweje, na leo angenikabidhi fimbo ya ukuu wa koo zote mbili?"

"Mfa maji haachi kutapatapa," alisema ndugu wa marehemu.

Fundi alikuwa anakitazama kigoda cha mtemi. Alikichonga mwenyewe, kwa ule mti unaomjua mwenye kigoda: akishakikalia, asiye wa damu yake akikigusa, kiganja kinababuka. Sasa kilikuwa miguu juu, kama watu wa Mtoni wafanyavyo mtemi akifa, na chini yake imekunjwa ngozi ya ng'ombe kisije kikakwaruzika.

"Umekipindua wewe, mzee?"

"Nani mwingine? Hakuacha mtoto. Damu yake ni mimi tu."

"Saa ngapi?"

"Nilipoitwa na huyu mtumishi. Tangu alfajiri nilikuwa uwanjani, sikukanyaga humu."

"Basi kinyanyue, na ngozi yake. Sisi kitatuunguza."

Akakinyanyua. Sakafu yote ilikuwa tope, lakini pale palipokuwa na ngozi palikuwa na vumbi kavu.

"Maji yalimwagika kabla hujaitwa," Fundi alisema polepole. "Na yalikikuta kigoda kimeshapinduliwa."

Yule mzee akakikumbatia kigoda.

"Miaka ishirini nimembebea ngao," alisema. "Leo fimbo inakwenda mlimani. Na mimi je? Nikakiiba kile kisu, nikamvamia alfajiri."

"Ungekiacha kigoda kilivyokuwa, tusingekujua."

"Alikuwa kaka yangu!" Alizidi kukikaza kigoda kifuani. "Ningetokaje humu nikamwacha bila heshima yake?"

Fundi alilia, kwa maana ndugu hao wote wawili aliwafahamu tangu utoto wao. Kisha akajifuta macho, akaenda uwanjani kuwaambia watue mikuki.

Walinzi walimfunga mzee kamba akiwa bado amekipakata kigoda. Hakukuwa na mwingine aliyeweza kukipokea.